Vyura wa Igombe na ubongo uliotulia

Jana saa nne usiku umeme ulikatika modeli yangu ya ubongo ikiwa bado inakokotoa kwenye kompyuta. Nikahifadhi matokeo kabla betri haijaisha, nikatoka kukaa kibarazani. Huku Igombe taa zikizimika unabaki na ziwa na vyura.

Wiki ya tatu sasa nahangaika na ubongo wa mtu aliyelala chali ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, ameambiwa atulie tu. Zamani ishara za wakati huo zilihesabiwa kuwa kelele za kutupwa. Mwaka 1995 mtafiti Bharat Biswal na wenzake huko Marekani wakaonyesha kwamba sehemu za ubongo za kushoto na kulia zinazoendesha mikono hupanda na kushuka pamoja, hata mikono ikiwa imetulia. Ni mawimbi ya polepole, moja huchukua zaidi ya sekunde 10. Na ubongo huu, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Ukiupa hesabu ngumu, matumizi yanapanda kidogo mno. Gharama kubwa iko kwenye kule kutulia. Nimelisoma mara nyingi na bado linanishangaza.

Modeli yangu ina maeneo 68, kila moja na mapigo yake, yameunganishwa kwa kufuata ramani ya nyuzi za neva zilizopimwa kwa watu. Kanuni ya jinsi mapigo hayo yanavyovutana ni ya mwanafizikia Mjapani Yoshiki Kuramoto, ya mwaka 1975. Namba ninayoichezea ni moja: nguvu ya kuvutana. Ikiwa ndogo, kila eneo na ngoma yake. Nikiikaza sana, yote 68 yanapiga pigo moja, na ubongo uliotulia hauko hivyo. Vipimo vya watu halisi vinakaribiana na modeli pale ukingoni tu, kabla maeneo yote hayajafungamana, ambapo makundi yanashikana, yanaachana, kisha yanashikana na mengine.

Nikawasikia vyura. Mmoja alianza kwenye matete, wawili wakamwitikia, mara upande wote ukawa sauti moja. Kisha kimya. Wakaanza wengine, kule kwenye mtumbwi mbovu.

Bibi alikuwa akikaa hapo hapo, kwenye kigoda, miguu kainyoosha, mikono haijashika kitu. Tukipita tunamwamkia, "Shikamoo bibi, umepumzika?"

"Marahaba wajukuu zangu. Sijapumzika, nahesabu taa."

Zilikuwa karabai za wavuvi wa dagaa, zimetapakaa ziwani usiku usio na mbalamwezi. Ya babu aliijua, mwanga wake ulikuwa mwekundu kidogo. Hakuingia kulala mpaka aione inageuka kurudi.

Umeme ulirudi saa nane. Nikapunguza namba yangu kidogo, nikaiacha modeli iendelee hadi asubuhi.