Nimefuta dashibodi niliyoitengeneza mwenyewe

Ilikuwa ukurasa mmoja wa namba za kazi yetu ya kuhudumia wateja, wenye vipimo 23 na rangi za kila aina. Kila Jumatatu timu nzima tunaikodolea macho, tunatikisa vichwa, tunaondoka bila kuamua chochote. Leo nimebakiza vinne.

Kilichonichosha hasa ni wastani. Wiki moja tulifunga maombi 10 ya wateja: tisa yalichukua siku 1 kila moja, la kumi likakaa siku 41. Wastani ukasema siku 5. Hakuna hata mteja mmoja aliyesubiri siku 5! Sasa tunapanga siku kuanzia chache hadi nyingi na kuchukua namba ya katikati, halafu pembeni tunaweka umri wa ombi kongwe ambalo bado liko wazi. Hilo la kongwe linauma, ndiyo maana nalipenda.

Kosa langu lingine: niliwapima wahudumu kwa idadi ya maombi waliyofunga. Wakayafunga kweli, hata yasiyokwisha, na wateja wakarudi na shida ileile. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alishaonya mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha, kwamba namba ikianza kutumiwa kudhibiti mambo, huacha kuaminika. Kwa hiyo yaliyofungwa sasa yanakaa sambamba na yaliyofunguliwa upya.

Vingine vyote nilivichuja kwa swali moja: hii namba ikipanda kesho, nani atafanya nini? Kimya kikitawala, inatoka. Bosi bado anaililia chati yake ya duara.