Ukurasa gani? Wanafunzi wakijiendeshea mjadala wa kitabu

Mwalimu akiamua kuwaachia wanafunzi mjadala wa kitabu, swali la kwanza kutoka kwa wenzake huwa ni kelele. Kelele zina dawa, nitazifikia. Kinachoua vikundi hivi ni mjadala usiogusa kitabu: watoto watano wameinamiana, wanabishana kwa bidii, na vitabu vyote vimefungwa. Kwa hiyo kanuni ninayoiweka mbele ya zote ni hii: mtu akitoa dai kuhusu mhusika, yeyote kikundini ana haki ya kumuuliza, "Ukurasa gani?" Mjadala unasimama mpaka ukurasa upatikane na usomwe kwa sauti.

Usianze na kitabu teule, yaani kile kilichowekwa kwa mtihani. Anza na hadithi ambayo darasa zima linaijua, wajifunze kwanza kusikilizana. Kwa shule za Kisumu na Kano hadithi hiyo ipo tayari: Lwanda Magere, shujaa asiyeingiwa na mkuki, ambaye maadui walimpa binti yao awe mke. Alipougua akamwagiza mkewe amchanje kwenye kivuli. Damu ikatoka, na bibi arusi akakimbilia kwao na siri hiyo ya kivuli. Ketisha wanafunzi watano katikati, wengine wawazunguke, kisha uwaulize: huyu mke ni msaliti au ni shujaa? Wengi watasema msaliti bila kusita. Subiri. Mmoja atauliza mke huyo alikuwa binti wa nani na alitumwa na nani, na hapo mambo yataanza kuchemka. Baada ya dakika 10 wasimamishe, uwageukie watazamaji: nani alimjibu mwenzake, na nani alikuwa akingoja zamu yake tu? Kipindi hiki kimoja kinafundisha zaidi ya maelezo ya wiki nzima.

Sasa vikundi. Watano ndio idadi nzuri. Wakiwa watatu, mmoja akikosa shule kikundi kimekufa. Wakiwa saba, wawili watalala. Darasa la wanafunzi 55 litatoa vikundi 11, na hapo ndipo kelele zinapoingia. Sita wabaki ndani, watano watoke chini ya miti, wiki ijayo wabadilishane. Usiwapange kwa marafiki wala kwa nafasi walizopata mtihanini. Kwenye shule ya mseto, msichana asiwe peke yake kati ya wavulana wanne, maana atageuzwa karani na hatafungua kinywa. Waweke wawili au watatu. Kikundi kidumu kitabu kizima. Kuwachanganya upya kila wiki kunarudisha ile haya ya siku ya kwanza.

Ugawaji wa kurasa unategemea nakala mlizo nazo, na shule nyingi za kutwa zina nakala moja kwa wanafunzi wawili au watatu. Piga hesabu kabla ya kuahidi chochote. Msomaji wa kawaida wa kidato cha tatu anahitaji kama dakika 3 kwa ukurasa. Kurasa 20 ni saa nzima, yaani prepu moja, kile kipindi cha kujisomea. Watatu wakigawana nakala, wa kwanza anaichukua Jumatatu, wa pili Jumanne, wa tatu Jumatano, mjadala unakuwa Alhamisi. Kwa mwendo huo, riwaya ya kurasa 180 inakwisha kwa wiki tisa: inatosha muhula wa kwanza au wa pili, lakini katika muhula wa tatu itawabana. Kwa gredi ya 7 na ya 8, kurasa 10 kwa wiki ni nyingi za kutosha.

Kila mmoja aje na daftari lenye mambo matatu: kifungu kimoja alichokiweka alama, neno moja lililomsumbua, na maswali mawili. Maswali ndiyo moyo wa kazi hii, nayo hayaji yenyewe. Wiki ya kwanza utaletewa "Mhusika mkuu ni nani?" Hilo linajibiwa kwa neno moja na mjadala umekwisha. Wafundishe kuligeuza kwa kutafuta mahali ambapo jambo moja kitabuni linagongana na jingine walilolisoma humo humo: "Ukurasa wa 12 alisema hamwogopi mtu, mbona ukurasa wa 31 ananyamaza?" Swali lenye kurasa mbili haliwezi kujibiwa na mwongozo, kile kijitabu cha muhtasari na uchambuzi. Nalisema hili kwa sababu miongozo ndiyo adui mkubwa wa vikundi hivi. Wanafunzi husoma muhtasari, wakaja na orodha ya maudhui waliyoikariri, na kila mtu anakubaliana na kila mtu. Siku ya mjadala mwongozo ubaki nje ya mduara.

Tazama kikundi kinachofanya kazi vizuri:

"Huyu mama hampendi mwanawe."

"Ukurasa gani?"

"Pale anapomfukuza. Arobaini na tatu."

"Hebu soma."

Anasoma. Mistari miwili juu ya neno "toka" kuna askari wanaokaribia lango. Aliyedai anatulia, halafu mwingine anauliza kama mama alijua wanakuja. Dakika 8 zitaishia hapo, na huna haja ya kuongeza neno.

Majukumu kikundini ni matano: mwenyekiti, katibu, wa msamiati, wa vifungu, na wa kuhusisha kitabu na maisha ya nje. Yazungushe kila wiki, lakini kwa wiki nne za kwanza tu. Harvey Daniels, mwalimu wa Chicago aliyeandika kitabu kuhusu vikundi hivi mwaka 1994, alikuja kuonya kwamba karatasi za majukumu zinaweza kuugeuza mjadala kuwa zamu ya kusoma majibu yaliyokwisha kuandikwa. Ni kweli kabisa. Wakishazoea, bakiza mwenyekiti na katibu.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha ukikaza saa: 5 za kupanga madawati, 22 za mjadala, 8 za ripoti za vikundi vitatu tu, na 5 za kupanga kurasa zijazo. Omba kipindi cha asubuhi. Kakamega na Kisumu mvua hupenda kunyesha alasiri, na mabati yakianza kuvuma hakuna atakayemsikia mwenzake.

Msemaji mmoja akimeza kikundi, mpe kila mtu vifuniko vitatu vya soda. Ukizungumza unaweka kimoja katikati. Vikikuishia unasikiliza mpaka wengine wamalize vyao. Asiyesoma usimfukuze. Mpe kitabu, awe ndiye anayetafuta kila ukurasa unaotajwa na kuusoma kwa sauti. Atashiriki, na wengi wao hutaka kujua yaliyotangulia. Wakihamia Dholuo, Kiluhya au Sheng katikati ya ubishi, waache wamalize hoja, ila katibu aandike kwa Kiswahili sanifu, na kutafuta neno mwafaka kuwe kazi ya wote.

Wewe mwalimu tembea na daftari, keti nyuma ya kikundi dakika 3, usiketi ndani ya mduara. Ukiingia tu, macho yote yatakugeukia. Wakikuuliza jibu, warudishe kitabuni. Wakikwama kabisa, waachie swali moja na uondoke.

Alama ni 10: nne za maandalizi ya daftari, tatu za kutaja kurasa, tatu za kujenga juu ya hoja ya mwingine. Usitoe alama kwa wingi wa maneno. Dakika za mwisho za kila wiki katibu achague dondoo moja, na kikundi kiandike muktadha wake kama unavyoulizwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, kwenye mtihani wa KCSE: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Vikundi vibadilishane madaftari, visahihishiane kwa kitabu, na penye ubishi waandike ukurasa pembeni ili uupitie kabla ya Alhamisi inayofuata.