Nilivyotengeneza fremu ya skrini ya projekta mwenyewe

Kabla ya kununua hata ubao mmoja nilikaa na projekta ikipiga ukutani siku kadhaa, nikawa naisogeza mbele na nyuma mpaka nipate saizi inayokaa vizuri na macho nikiwa kwenye kochi. Nikatulia kwenye inchi 100, ambayo kwa uwiano wa 16:9 ni upana wa sentimita 221 na urefu wa kama 125. Hapo pia angalia projekta yako inatupa picha umbali gani, maana kama uwiano wake wa umbali kwa upana wa picha ni 1.5 basi picha ya upana huo inataka iwe mbali kama mita 3.3, sasa chumba kikiwa kifupi utachonga fremu kubwa halafu picha isiijaze.

Watu wengi wanahangaika na kitambaa, mimi nasema hangaika na mbao. Kitambaa ukishakivuta kinakuwa na nguvu ajabu, kinazivuta zile mbao ndefu za juu na chini ziingie ndani, unajikuta na skrini yenye kiuno. Kwa hiyo nilichagua mbao kavu za upana wa sentimita 7 na unene wa 2.5, na kila ubao niliuinua kwenye jicho nikauangalia kwa urefu wake kama umepinda, uliopinda nikaurudisha, wenye mafundo makubwa pia sikuutaka. Muuzaji alinuna kidogo, anune tu.

Fremu kwa nje nilifanya 235 kwa 139, yaani ile picha nikaongeza upana wa ubao kila upande ili pembeni pawe na mpaka mweusi. Kwenye kona nilipunguza unene nusu kwa nusu mbao zikalaliana, gundi ya mbao, skrubu, halafu vyuma vya kona kwa nyuma. Ila kabla gundi haijakauka unapima kona kwa kona kwa mshazari, mishazari yote miwili inatakiwa ilingane, kwa vipimo vyangu ni sentimita 273. Ukiona mshazari mmoja umezidi unazisukuma kona mbili za mshazari huo ziingie ndani kidogo, unapima tena. Usiamini jicho hapa, fremu iliyokaa upande inaonekana sawa sakafuni halafu ukiwasha projekta ule mstari mweusi unakuumbua.

Katikati niliweka mbao mbili za kusimama kuzuia hicho kiuno. Hizi nilitumia nyembamba, sentimita 1.5, nikazilinganisha na fremu kwa nyuma ili kwa mbele zibaki chini kwa sentimita moja, maana ubao ukigusa kitambaa utauona kama kivuli kila ikija picha yenye mwanga. Kingo zote nikapiga msasa zikawa mviringo, na mbele yote nikapaka rangi nyeusi isiyong'aa.

Kitambaa ni kile cha blakauti, cha kuzuia mwanga chenye mpira upande mmoja, cha kuwekea nyuma ya pazia, cheupe, kipande kimoja bila mshono. Kuna vya maziwa maziwa na krimu, hivyo vitakubadilishia rangi za picha. Nilimulika tochi kwa nyuma kuona kama mwanga unapita, haukupita, nikachukua cha 255 kwa 160 ili nipate pa kushika. Sikupiga pasi kwa sababu ule upande wa mpira haupatani na joto, nilikining'iniza tu na mikunjo mingi ikajiachia yenyewe.

Sasa kuvuta. Laza kitambaa chini, fremu juu yake, anza na stepla katikati ya upande mrefu, nenda upande unaotazamana nao, vuta, piga, halafu katikati ya zile fupi mbili. Baada ya hapo unatoka katikati kuelekea kona, stepla chache huku chache kule, kila sentimita 5 hivi, kona unaziacha mwisho kabisa. Ukimaliza upande mmoja wote ndo uende wa pili, aisee, utapata mawimbi ya kushonea shati. Ukingo wa kitambaa nilikunja mara mbili kabla ya kupiga stepla ili kisichanike, na palipoonyesha kunyanzi nilichomoa stepla za hapo tu nikavuta upya. Mtu wa pili wa kushika anasaidia sana, mikono miwili haitoshi.

Mpaka niliuzungushia velveti nyeusi ya kubandika. Wengine wanapaka rangi tu ila velveti inameza mwanga unaomwagikia pembeni, na picha inaonekana kukolea zaidi bila kugusa mipangilio yoyote.

Kutundika nilipasua ubao mmoja kwa kuulaza msumeno nyuzi 45, kipande kimoja ukutani kwa pima maji, kingine nyuma ya fremu, vinakamatana, na unaweza kuitelezesha kushoto kulia ukilenga na lensi. Ile ya kunyoosha picha kwa menyu nimeizima, inapunguza ukali.

Spika ya katikati imekaa chini ya fremu kwa sababu blakauti inaziba sauti. Anayetaka spika ikae nyuma atafute kitambaa chenye vitundu vidogo, na ukuta wa nyuma apake nyeusi, maana hicho mwanga kinapitisha.