Kumbukumbu ya mradi wangu: matundu manne ukutani

Nilipoanza kuandikisha vibao vya kumbukumbu vya mji wa Lubumbashi, nilidhani kazi itakuwa ya kupiga picha, kunakili maandishi na kurudi nyumbani kabla ya jua kali. Huu sasa ni mwezi wa tano, na daftari langu limegawanyika katika safu mbili: ya kwanza ni ya maandishi niliyoyasoma kwa macho yangu, na ya pili ni ya kuta zenye matundu manne ya skrubu na pengo katikati yake. Safu ya pili ndiyo inayorefuka.

Jumamosi iliyopita niliimaliza asubuhi nzima mbele ya jengo moja la zamani, katikati ya mji. Pale palipokuwa na bamba, chokaa imebaki nyeupe kuliko sehemu nyingine za ukuta, na kutu ya skrubu imechirizika chini kwa mistari miwili. Nilibandika karatasi, nikaisugua polepole kwa kipande cha makala, yaani makaa, yakajitokeza matundu yote manne pamoja na ukingo wa bamba: sentimita 40 kwa 28. Mlinzi wa hapo, papa mwenye mvi, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama nimetumwa na serikali.

«Hapana, papa. Ninaandika tu habari za mji.»

«Basi andika kwamba liliondoka usiku. Shaba haikai ukutani, mwanangu. Inauzwa kwa kilo.»

Niliandika hivyo hivyo. Mji huu ulizaliwa kwa ajili ya shaba: reli ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, likaanza kuyeyusha madini. Leo, mji huohuo hauwezi kuiacha shaba kidogo ikae ukutani na kutaja mwaka ambao nyumba ilijengwa. Mumbunda, bomba la moshi la tanuru hilo, na kilima cheusi cha mabaki ya madini kilicho kando yake havihitaji kibao, kwa kuwa hakuna mwizi awezaye kuvibeba.

Upande wa chuo kikuu kazi ni nyepesi kwa miguu, lakini ni nzito kwa kalamu. Chuo kilifunguliwa mwaka 1956, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vingine kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 kikajitegemea tena kwa jina la Lubumbashi. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni: kila andiko linaingia daftarini kwa jina ambalo mji, chuo au nchi ilikuwa nalo siku lilipowekwa, na Kifaransa chake ninakinakili pamoja na makosa yake. Rafiki yangu mmoja anayefundisha historia aliniona mkaidi. Ninakubali, lakini anayesahihisha andiko la zamani anaanza kuandika jipya.

Mwezi huu nimeongeza safu ya tatu, na ndiyo iliyonichelewesha. Ni ya mahali ambapo watu wanakumbuka, iwe kuna bamba au hakuna. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa kudai mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira, wakapigwa risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyewasemea, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi. Mama mmoja muuza maandazi karibu na njia ya Kasapa, ambaye mimi nilimwuliza habari ya ukuta tu, ndiye aliyenitajia usiku huo bila kuulizwa, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu.

Shilatembo, kwenye upande wa barabara ya Likasi, nimeiacha iwe safari ya peke yake. Huko ndiko Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walikouawa tarehe 17 Januari 1961. Maiti zao ziliharibiwa kwa makusudi ili kaburi lisiwepo, na kilichorudishwa na Ubelgiji mwaka 2022 ni jino moja la Lumumba. Mahali kama hapo hapaandikwi kwa haraka ya Jumamosi moja kati ya kuta nyingine mbili.

Karatasi ya ukuta wa papa yule nimeipa namba 31. Jumatatu nilikuta makala yameanza kupukutika upande wa kulia, nikainyunyizia maziwa yaliyochanganywa na maji na kuianika chini ya kitanda, mbali na watoto. Matundu matatu yameshika vizuri. La nne itanibidi nirudi kulisugua upya.