Jibu la mkato si lazima liwe la ufidhuli

Ndugu zangu wa Mombasa mnaojiandaa kuja Uingereza kufanya kazi ya uuguzi au ya kutunza wazee, nawasihi mvijue vizuri vielezi vya Kiingereza vinavyoeleza ukavu na utovu wa adabu, kwa sababu huku hali ya mgonjwa huandikwa kila zamu, na kielezi kimoja kinaweza kumharibia mtu sifa.

Sisi tumelelewa katika mji ambao hata anayeuliza bei ya nazi sokoni Kongowea hutanguliza salamu, kwa hiyo anayejibu "No" na kuendelea na shughuli zake twamwona fidhuli, na kalamu hukimbilia "rudely". Neno hilo ni shutuma nzito, maana lasema kwamba aliyejibu amevunja heshima. Aliyejibu kwa mkato kwa kuwa ameudhika amejibu "curtly". Mwenye haraka asiye na nafasi ya kubembeleza amejibu "brusquely". Daktari anayemweleza mgonjwa ukweli mchungu bila kuupaka asali amesema "bluntly", na huenda nia yake ni njema kabisa, jambo ambalo wageni wengi hatulipi uzito unaostahili.

Jihadharini zaidi na "shortly". Kwa kuwa "short" ni fupi, mwanafunzi huandika kwamba mgonjwa "answered shortly" akikusudia jibu la mkato, na ingawa kamusi bado zinaitambua maana hiyo, msomaji wa leo ataelewa kwamba jibu lilikuja baada ya muda mfupi. Kielezi nacho hukaa baada ya mtendwa, kama katika "She answered me curtly", wala hakipenyezwi kati yake na kitenzi. Ukiandika "snapped", ambalo ni kama kufoka kwetu, ukali umo tayari ndani ya kitenzi na kielezi hakihitajiki.

Mzee mwenye maumivu akikwambia "Leave it" huku akikugeuzia mgongo, andika maneno yake kama yalivyotamkwa. Ikibidi kuongeza kielezi, "abruptly" chatosha, kwani chaeleza kwamba alikatiza mazungumzo ghafla bila kuihukumu nia yake. Ukiandika "rudely", wauguzi wa zamu ya usiku wataingia chumbani mwake wakiwa wameshajihami dhidi ya mtu ambaye huenda alihitaji dawa ya maumivu tu.