Andika Jina Lake Kwanza

Julai 2016 mdogo wangu, mwendesha bodaboda hapa Mombasa, alikamatwa jioni akiwa stejini. Wenzake ndio waliotupigia simu. Mimi na shangazi tulizunguka vituo, na tulipofika cha tatu askari wa zamu akatujibu, bila hata kututazama, kwamba hana mtu wa jina hilo. Nasi tunamsikia akikohoa nyuma ya mlango wa seli. Ana pumu, kikohozi kile nimelala nacho chumba kimoja tangu utotoni.

Miguu iliniisha nguvu. Yalikuwa yamepita majuma machache tu tangu wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, watekwe wakitoka mahakama ya Mavoko. Mwenda pia alikuwa wa bodaboda, na kosa lake lilikuwa kumlalamikia askari aliyempiga risasi. Walifungiwa kwa siri katika kambi ya polisi Syokimau, kisha miili yao ikaopolewa mtoni. Askari watatu na mpasha habari wao walikuja kupatikana na hatia 2022, lakini usiku ule sisi tulijua habari za mto tu.

Askari alipoona hatubanduki akasema, “Mama, leteni ya chai tumalizane.” Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo kwamba dhamana ya polisi ni bure.

Shangazi hakugusia hela. “Mwanangu, andika jina lake kwanza. Liandike kwenye kitabu cha matukio, OB, na saa mliyomshika, kisha unipe namba.”

Akalirudia ombi hilo kwa sauti ileile, mpaka watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Hatimaye kitabu kikafunguliwa. Askari akaanza kuandika kwamba alikamatwa saa tatu usiku. Shangazi akaweka kidole juu ya mstari. “Mlimchukua saa kumi na mbili na nusu.” Hilo halikuwa jambo dogo. Katiba inampa mshukiwa saa 24 afikishwe kortini, na anayeanza kuzihesabu kwa kuchelewa anamwibia mtu uhuru wake. Nilimheshimu shangazi usiku ule kuliko wakili yeyote.

Namba ilipotoka, OCS, mkuu wa kituo, akaitwa. Mdogo wangu aliachiliwa saa tano, bila shilingi. Hakushtakiwa lolote. Pikipiki tuliipata juma lililofuata, betri haimo.