Siku moja maishani mwangu: zamu ya asubuhi kwenye mabomba ya gesi, Ujerumani

Saa 11:30 alfajiri. Napokea zamu. Nje ni nyuzi 6 chini ya sifuri, na kila nyumba imewasha mitambo ya joto.

Saa 12:00 asubuhi. Siku ya gesi huanza saa hii, huisha kesho saa kama hii. Wafanyabiashara wameshatangaza watakachoingiza na watakachotoa. Sisi tunalinda presha ya mabomba.

Saa 2:40. Simu kutoka Norwei: mtambo wa kuchakata gesi umezimika ghafla. Tangu Urusi isimamishe Nord Stream 1, bomba lililotuletea gesi yake chini ya bahari, mwaka 2022, Norwei ndiyo inayotuuzia gesi nyingi kuliko wote, kwa hiyo pengo ni kubwa. Hata hivyo hakuna jiko linalozimika. Gesi si umeme: ndani ya bomba husafiri polepole, na mabomba yenyewe yamejaa gesi iliyoshindiliwa. Tunaruhusu presha ishuke taratibu, tunapata saa kadhaa za kupanga. Bila saa hizo, kazi hii isingewezekana.

Nawapigia wanaotunza hifadhi za gesi chini ya ardhi. Visima vya zamani vilivyoisha gesi hubeba akiba kubwa ila huitoa polepole. Mapango yaliyochongwa kwenye chumvi chini ya ardhi huitoa haraka. Naomba mapango kwanza.

Saa 4:15. Presha imeacha kushuka. Ubelgiji nako wameongeza, kuna meli inashusha gesi ya kimiminika kwenye bandari yao ya Zeebrugge.

Saa 5:00. Chai. Mwanagenzi wetu anauliza kwa nini vituo vyetu husukuma gesi pande zote mbili. Namsimulia Januari 2009: gesi ya Urusi ipitayo Ukraine ilikatika karibu wiki mbili. Bulgaria na Slovakia ziliumia sana, ilhali magharibi gesi ilikuwepo. Mabomba mengi yalijengwa kuelekea upande mmoja tu. Wacheki waligeuza mkondo wakaiokoa Slovakia. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaagiza mabomba ya mipakani yapitishe gesi kwenda na kurudi, isipokuwa machache. Kwangu agizo hilo lina thamani kuliko hifadhi yoyote, maana akiba isiyoweza kumfikia jirani haimsaidii anayeganda.

Saa 7:30 mchana. Mtambo wa Norwei unarudi. Hali ingezidi kuwa mbaya, tungeanza kukata viwanda. Nyumba na hospitali zinalindwa kisheria. Nashukuru hakuna kiwanda nilicholazimika kukipigia.

Saa 8:00. Nakabidhi. Presha ingali chini kidogo. Zamu ya mchana itaijaza kabla watu hawajarudi kupika.